Kumbukumbu Isiyofutika Bado Yahitaji Faharasa: Mfano wa Ardhi ya Vijiji vya Handeni na Korogwe

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanapewa maelezo haya kuhusu njia ya kuweka kumbukumbu kwa kompyuta inayojulikana kwa jina la blokicheni, na kuhusu zana inayowasaidia watayarishaji wa programu kuzitengenezea kumbukumbu hizo faharasa. Mfano uliochaguliwa ni wa madaftari ya ardhi ya vijiji katika Wilaya za Handeni na Korogwe, Mkoa wa Tanga. Sababu ya kuchagua mfano huo ni kwamba jambo lenyewe, ingawa limekuja na majina mageni, ni la siku nyingi katika kila masjala: kuandika ni kazi moja, na kukipata kilichoandikwa ni kazi nyingine.

Inafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba maelezo haya hayahusu sarafu za mtandaoni, ambazo ndizo zilizolifanya jina la blokicheni lisikike sana. Yanahusu kumbukumbu. Aidha, daftari linalotambuliwa na sheria kwa ardhi ya kijiji ni lile la kijiji na la wilaya. Yote yatakayosemwa hapa kuhusu kompyuta yametolewa kwa ajili ya kufahamisha tu.

DAFTARI LA ARDHI YA KIJIJI

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2001, inaitaka kila Halmashauri ya Kijiji kuwa na daftari la ardhi ya kijiji, na Mtendaji wa Kijiji ndiye mwenye dhamana ya kulitunza. Mwananchi aliyekubaliwa haki yake hupewa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Hati hiyo hutiwa saini na Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji. Mwenye haki naye huweka saini yake au dole gumba. Kisha Afisa Ardhi wa Wilaya huitia saini na muhuri na kuisajili. Handeni ni miongoni mwa wilaya za mwanzo zilizofanyiwa majaribio ya urasimishaji wa ardhi vijijini chini ya MKURABITA, mpango ulioanzishwa mwaka 2004.

Daftari la namna hii hujazwa kwa kufuata tarehe. Ichukuliwe kwa mfano kwamba shamba namba 48 liliandikwa ukurasa wa 3 mwaka 2008, kwa majina ya mume na mke. Mwaka 2013 sehemu ya shamba hilo akapewa mtoto wao, na jambo hilo likaandikwa ukurasa wa 61. Mwaka 2019 hati ikawekwa rehani, ukurasa wa 97. Mwaka 2021 deni likalipwa na rehani ikaondolewa, ukurasa wa 112. Kila ukurasa unasema kweli, lakini hakuna hata mmoja unaoeleza peke yake hali ya shamba namba 48 ilivyo leo. Anayetaka kuijua hali hiyo hana budi kulipekua daftari lote, kwani asipoufikia ukurasa wa 112 atadhani shamba lingali rehani.

Ndiyo maana karani mzuri huwa na daftari dogo la pembeni, au hutenga kurasa za nyuma za daftari kubwa, na kuandika humo: shamba namba 48, tazama ukurasa wa 3, 61, 97 na 112. Hiyo ndiyo faharasa. Haiongezi habari yoyote mpya, lakini bila ya hiyo daftari kubwa huwa kama ghala lililofungwa na ufunguo wake umepotea.

Ugumu huongezeka pale mipaka ya utawala inapobadilika. Wilaya ya Kilindi ilitengwa kutoka Handeni mwaka 2002, mwaka mmoja tu baada ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji kuanza kutumika. Karatasi ya kabla ya hapo inayosema "Handeni" huenda ikawa inahusu eneo ambalo leo liko Kilindi. Vivyo hivyo, jina la Korogwe lina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, na Handeni hali kadhalika. Faharasa inayoandika jina moja tu bila ya kutaja halmashauri itamwelekeza mwananchi kwenye mlango usiokuwa wake.

Upo pia umuhimu wa kujua lipi lilitangulia. Katika kijiji cha Msomera, Wilaya ya Handeni, nyumba na mashamba yametolewa tangu Juni 2022 kwa kaya zilizohamia kutoka Ngorongoro, mahali ambapo palikuwa na wakaazi wa tangu zamani wenye matumizi yao ya ardhi. Katika mazingira kama hayo swali la nani aliandikwa lini, na kwa eneo lipi, si la makarani peke yao. Ni swali la mahali pa kulima, pa kulisha mifugo na pa kulala.

BLOKICHENI NA MKATABA MAHIRI

Blokicheni ni daftari linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi zilizo mahali mbalimbali. Maandiko hukusanywa katika mafungu, na kila fungu hubeba alama iliyokokotolewa kutokana na fungu lililotangulia. Mtu akibadilisha herufi moja katika fungu la zamani, alama haitalingana tena na yale yaliyofuata, na kompyuta nyingine zitalikataa badiliko hilo. Kwa hiyo kinachoandikwa humo hakifutiki kwa urahisi, wala hakipachikwi kinyemela katikati ya kurasa.

Blokicheni ya Ethereum, iliyoanza kufanya kazi Julai 2015, iliongeza jambo jingine: programu fupi zinazohifadhiwa ndani ya daftari lenyewe na kujiendesha zinapoitwa. Programu hizo huitwa mikataba mahiri. Mkataba mahiri wa ardhi, kwa mfano, unaweza kuwekewa sharti kwamba haki haihami mpaka saini mbili zipatikane. Saini zikipatikana, mkataba hutekeleza kazi hiyo na kutoa tangazo fupi linaloandikwa ndani ya fungu. Tangazo hilo kwa lugha ya mafundi huitwa tukio. Tukio husema: haki ya shamba fulani imehama, kutoka kwa fulani, kwenda kwa fulani.

Nchi kadhaa zimejaribu njia hii katika mambo ya ardhi. Jamhuri ya Georgia ilianza mwaka 2016 kuzipiga kumbukumbu zake za ardhi alama za utambulisho na kuziweka alama hizo katika blokicheni. Mwaka huohuo mamlaka ya upimaji ardhi ya Sweden, Lantmäteriet, ilianza majaribio yake ya mauziano ya ardhi. Blokicheni ilitumika kama shahidi wa pembeni, na kazi ya kupima, kusikiliza mashauri na kuthibitisha ilibaki mikononi mwa watu na ofisi zao.

KWA NINI FAHARASA INAHITAJIKA

Mtu aliyesikia kwamba blokicheni haifutiki anaweza kudhani kwamba tatizo la masjala limekwisha. Halikuisha. Blokicheni nayo hujazwa kwa kufuata wakati, kama lilivyo daftari la kijiji. Katika Ethereum fungu jipya hutolewa takriban kila baada ya sekunde 12, yaani hadi mafungu 7,200 kwa siku, na zaidi ya milioni 2 na nusu kwa mwaka. Tukio la shamba moja la Handeni litakuwa limelala katikati ya maandiko ya dunia nzima. Hata mkataba mahiri wenyewe hauwezi kuyasoma tena matukio uliyokwisha kuyatangaza, kwani huandikwa kwa ajili ya wasomaji walio nje.

Lugha ya Solidity, ambayo hutumika sana kuandikia mikataba hiyo, inaruhusu sehemu zisizozidi tatu za tukio la kawaida kuwekewa alama ya kutafutwa kwa haraka. Nafasi hizo tatu husaidia, lakini hazitoshi kujibu maswali ya ofisini: mashamba yote ya mama fulani ni mangapi? Ni yapi yaliyo rehani katika kata hii? Shamba hili limepita mikononi mwa nani na nani tangu mwanzo?

Maswali hayo hujibiwa na programu ya faharasa. Programu hiyo huanzia kwenye fungu ambamo mkataba ulizaliwa, husoma tukio moja baada ya jingine, na kuyapanga katika majedwali yanayosomeka upesi. Mfumo mmoja unaojulikana sana kwa kazi hii ni The Graph, ambao mtandao wake wa wazi ulizinduliwa Desemba 2020. Ndani ya mfumo huo, anayetengeneza faharasa huandika majalada matatu. La kwanza hutaja mkataba unaosomwa, anwani yake, fungu la kuanzia na matukio ya kusikilizwa. La pili hueleza majedwali: kila jedwali lina safu zipi. La tatu hueleza kazi ya kufanya kila tukio linapoonekana: likisikika tangazo la kuhama kwa haki, andika jina jipya hapa na uweke tarehe pale. Karani wa kijijini hufanya mambo hayohayo matatu kichwani mwake, bila ya kuyaandika.

KAZI YA PROGRAMU-JALIZI

Programu-jalizi ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu kubwa ili kuiongezea uwezo. Watayarishaji wengi wa mikataba mahiri hufanya kazi zao ndani ya karakana ya kompyuta iitwayo Hardhat, ambamo mkataba huandikwa, hupimwa na hatimaye kupelekwa kwenye blokicheni. Ipo programu-jalizi inayoiunganisha karakana hiyo na The Graph.

Kazi yake ya kwanza ni kusoma orodha ya matukio ya mkataba na kuandika mifupa ya yale majalada matatu, ili fundi asianze na karatasi tupu. Kazi ya pili ni kufuatilia anwani. Mkataba mahiri ukipelekwa upya hupata anwani mpya, na faharasa ikiendelea kusikiliza anwani ya zamani itakaa kimya bila ya mtu kujua, mfano wa karani anayeendelea kupeleka barua za Kilindi Handeni miaka mingi baada ya wilaya kutengwa. Programu-jalizi huiandika anwani mpya mahali pake. Kazi ya tatu ni kulinganisha: matukio ya mkataba yakibadilika na majalada yakabaki ya zamani, hitilafu hiyo huonekana karakanani kabla ya kumfikia mwananchi.

Hizo ni kazi za maana, kwa sababu makosa mengi ya faharasa hutokana na uzembe mdogo wa aina hiyo. Lakini programu-jalizi haijui sheria. Haijui nani ana haki ya kuonekana katika jedwali. Inachukua kilichomo ndani ya mkataba na kukirithisha kama kilivyo, kasoro na yote.

JINA LA PILI

Hapa ndipo penye uzito wa maelezo haya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inatamka kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki, kutumia na kugawa ardhi ni sawa na ya mwanamume kwa kiwango kilekile na kwa masharti yaleyale. Inaweka pia wanawake katika vyombo vyenyewe: Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Hati inaweza kutolewa kwa majina ya mume na mke, kama ilivyokuwa kwa shamba namba 48.

Sasa ichukuliwe kwamba kumbukumbu ya shamba hilo imewekwa katika mkataba mahiri, na fundi, kwa haraka, akatengeneza jedwali lenye safu moja iliyoandikwa "mwenye shamba". Jina la kwanza, la mume, likaingia. Jina la pili halikupata mahali pa kukaa. Miaka ikapita, mume akafariki, na mjane akafika ofisini kuuliza habari za shamba lake. Mtumishi akatafuta kwa upande wa mama huyo, na kompyuta ikajibu kwamba hakuna kumbukumbu. Hakuna aliyelifuta jina lake. Limo ndani ya fungu la mwanzo, haliguswi na mtu. Lakini kwa anayeulizwa dirishani, na kwa ndugu wa marehemu wanaosubiri nje, jina hilo ni kama halikuwahi kuandikwa.

Dawa ya kosa hili inategemea lilipotokea. Iwapo tukio la mkataba lilitangaza majina yote mawili na jedwali peke yake ndilo lililoacha moja, marekebisho ni mepesi: safu huongezwa, faharasa ya zamani hutupwa, na mpya hujengwa kuanzia fungu la kwanza. Siku ikiisha mjane huonekana. Lakini iwapo mkataba wenyewe uliandikwa kutangaza jina moja tu, faharasa haina mahali pa kulitoa la pili, kwani haiwezi kupanga kisichotangazwa. Na msimbo wa mkataba uliokwisha kupelekwa haubadilishwi kwa kalamu. Isipokuwa kama mlango wa marekebisho uliachwa tangu awali, itabidi uandikwe mkataba mwingine na kumbukumbu zipitishwe upya, shamba kwa shamba. Kwa ufupi, kosa la faharasa hurekebishwa kwa siku chache, na kosa la mkataba hugharimu kijiji kizima.

Kutokana na hayo, mazungumzo ya kuamua jedwali liwe na safu zipi si ya mafundi peke yao. Mtendaji wa Kijiji, Afisa Ardhi, wajumbe wa Baraza na wananchi wenyewe ndio wanaojua maswali yatakayoulizwa dirishani. Mwenyekiti wa kijiji cha Korogwe hatakiwi kujua Solidity, lakini anaweza kuuliza: "Jina la mke litakaa wapi?"

MAMBO YA KUZINGATIWA

Ofisi yoyote itakayofikiria kutumia njia hii, Bara au Visiwani, inashauriwa kuyazingatia yafuatayo:

(a) Faharasa isichukuliwe kuwa ndiyo kumbukumbu. Kipimo chake ni kimoja: ikifutwa yote na kujengwa upya kutoka mwanzo, itoe majibu yaleyale. Isipotoa, kuna mtu aliyeandika kitu kwa mkono ndani yake, na jambo hilo lichunguzwe.

(b) Majina na habari za watu zisiwekwe katika blokicheni ya wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na inampa mwananchi haki ya kutaka taarifa zake zisahihishwe. Kisichofutika hakipatani na haki hiyo. Mkataba ubebe namba ya shamba na namba za wenye haki zilizotolewa na daftari. Majina yabaki ndani ya daftari la ofisi, ambako yanaweza kusahihishwa.

(c) Nafasi ya wenye haki iwe ya watu wengi, si ya mtu mmoja. Mume na mke, ndugu walioachiwa urithi, na kikundi kinachomiliki malisho kwa pamoja, wote waonekane.

(d) Namba ya shamba itaje mkoa, halmashauri, kijiji na mwaka wa kuandikwa, ili mgawanyo wa wilaya usizae mashamba mawili yenye jina moja.

(e) Majibu yasitolewe kwa haraka kupita kiasi. Katika Ethereum mafungu ya mwisho kabisa yanaweza kubadilishwa na mtandao wenyewe, na kwa kawaida fungu huhesabika kuwa limekamilika baada ya takriban dakika 13. Mtumishi anayetoa jibu la upekuzi asubiri muda huo upite, na faharasa iwe na uwezo wa kurudi nyuma.

(f) Fungu la kuanzia liandikwe kwa usahihi. Faharasa inayoanza kusoma baada ya mkataba kuzaliwa itawaacha wale walioandikishwa mwanzo, na hao mara nyingi ndio wazee wa kijiji.

(g) Uongo hauwi kweli kwa kuwekwa mahali pasipofutika. Mpaka uliopimwa vibaya porini utatunzwa vibaya milele. Kazi ya kutembea mpakani pamoja na majirani, na kusikiliza kabla ya kuandika, haina mbadala.

Kwa wakaazi wa Handeni na Korogwe, kama ilivyo kwa wananchi wengine, hatua iliyo karibu zaidi haihitaji kompyuta. Kila mwenye Hati ya Hakimiliki ya Kimila anahimizwa kwenda kwa Mtendaji wa Kijiji chake na kuomba aonyeshwe ukurasa wa shamba lake, na kuhakikisha kwamba majina yote yanayostahili yameandikwa na yanasomeka, jina la mwenza wake likiwa la kwanza kutazamwa. Likikosekana, wakati wa kuuliza ni sasa, wenyewe wote wakiwa hai na majirani wakikumbuka mpaka ulipita wapi. Jina lililokosekana daftarini leo halitapatikana katika faharasa yoyote itakayokuja.